Ukoko

Wiki ya tatu ya Julai boila ilianza kugugumia.
Si kelele hasa. Sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto
huku anaharakishwa.
Meneja akashuka ngazi, akasema: ongezeni makapi.
Tukaongeza. Tanuri likala shamba zima la miwa
na geji ikabaki palepale, kama mbuzi aliyegoma njiani.

"Huyu hana njaa," akasema Fundi Eliamringi.
"Analishwa sana. Chakula hakimfikii."

Ijumaa tukazima. Ilipoa siku mbili.
Jumapili, wenzetu wa Moshi mjini wakiwa ibadani,
niliingia ngoma ya juu kwa tumbo,
tochi mdomoni, kwa kuwa mimi ndiye mwembamba.

Humo ndani nikakuta ukoko.
Dada yake yule wa sufuria ya wali tuliougombania utotoni,
ila huyu mweupe, wa chokaa ya visima vya tambarare,
unene wa sarafu ya shilingi mia.
Moto uko nje ya bomba, unabisha hodi.
Maji yako ndani, yanangoja.
Katikati amekaa ukoko,
karani apokeaye barua zote
asifikishe hata moja.
Ndiyo maana bomba la kumi na saba lilivimba ubavuni:
joto lilikosa wa kumpa mzigo, likaubeba chuma.

"Na mabomba ya nyuma?" akapaza sauti tunduni. "Ya kushukia?"
Nikaingiza mkono. Tope, mpaka kiwikoni.
Akanyamaza kidogo, kisha akacheka peke yake.

Maji alinifundisha kwa habari za mama yake,
Ndeonasia wa Kibosho.
Alfajiri anashuka na ndizi, shingo imezama mabegani;
jioni anapanda na mahindi, anapiga soga.
"Maji baridi ni mazito, hushukia nyuma, pasipo moto.
Yakipata joto yanakuwa mepesi, yana povu, yanapanda mbele.
Hapa hakuna pampu, binti. Ni uzito tu unaosukuma wepesi.
Mwaka ule mvua ilipobomoa njia ya kushukia
soko halikuwa na cha kupandisha,
ingawa njia ya kupandia ilikuwa nyeupe."

Nami nikakumbuka kwetu Uru,
mwenye zamu ya mfongo hupita kwanza na jembe,
anazoa majani, anatoa mawe,
ndipo huko juu maji yafunguliwe.
Hakuna aliyewahi kuponya mfereji ulioziba
kwa kuuongezea mto.

Siku nne. Asidi, brashi za waya, kikohozi.
Mabomba mawili membamba ya kushukia tukayakata,
tukachomelea mapana.
Tukaweka tangi la kulainisha maji,
na meneja alipoona magunia ya chumvi kwenye ankara
akauliza kama tumefungua hoteli.
Fundi hakujibu. Alikuwa anatafuta vidonge vyake.
"Presha yangu inapanda nisipotaka," akasema,
"na ya huyu haipandi ninapotaka.
Tumegawana vibaya."

Alhamisi usiku tukawasha.
Makapi kidogo, moto wa adabu.
Nje baridi ya Julai, mlima umejifunika gubigubi.
Mshale ukaanza safari: nane. Kumi na moja. Kumi na tano.
Kwenye kioo maji yalitetemeka kidogo, yakatulia.
Nikaweka sikio karibu na ukuta, kadiri joto liliporuhusu.
Huko ndani watu walikuwa wakienda sokoni na kurudi,
wengi, bila kugongana.

Saa tisa nikajaza daftari la zamu.
Geji: kumi na nane. Maji: nusu kioo.
Bomba la kumi na saba: jipya.
Daftari halina safu ya sauti,
nikaandika pembeni, kwa penseli: *haigugumii*.

Fundi alikuwa amesinzia kwenye stuli,
kidonge bado kiganjani, kimeanza kuyeyuka kwa jasho.
Sikutaka kumwamsha.
Kisha nikachota maji kikombeni,
nikamwamsha.